Tui la Pili

Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, huwa nataka kwanza nijue anataka jibu la nani. La baba ni Bukoba. La mama ni Mkuranga. Langu ni Mbagala, lakini hilo watu hawalikubali, wanasema Mbagala unakaa tu, hutoki. Kwa hiyo tangu utotoni nimezoea kujibu kwa chakula. Nasema, sisi ni watu wa ndizi. Nimelisema hilo shuleni, chuoni na hata kwa wakwe zangu, kifua mbele, na sasa sijui tena kama nilikuwa nasema kweli.

Baba alikuja Dar es Salaam akiwa kijana, akapata kazi ya ukarani, akapanga chumba Mbagala kwenye nyumba ya wazazi wa mama. Wakaoana. Wote ni Waislamu, kwa hiyo kwenye dini hawakuwa na neno. Neno lilikuwa jikoni. Mama amelelewa na nazi: wali wa nazi, maharage ya nazi, kisamvu cha nazi, samaki wa nazi, na mwezi wa Ramadhani mihogo na magimbi yanayoelea kwenye tui. Kwa baba chakula ni ndizi, na vingine vyote Mungu aliviumba ili mtu asife wakati anasubiri ndizi. Wali aliula, ugali aliula, tena hakubakiza, lakini akishanawa alikuwa na namna yake ya kushukuru. "Ahsante, mama watoto. Leo tumejishikiza."

Nazi aliitania kuliko kitu chochote. "Watu wa Pwani hata jiwe ukiwatilia tui watalila," alikuwa anatuambia mezani, mama akiwa palepale. "Nazi inaficha ladha ya kitu. Ndizi haijifichi." Mama alicheka. Miaka yote hiyo alicheka, nami nikadhani hayo maneno hayamfiki.

Tulizaliwa wawili, mimi na kaka yangu, na baba alitugawa kwa sahani. Kaka alipenda wali, akaitwa mtoto wa wajomba zake. Mimi nilikuwa nakula ndizi, nikaitwa Mhaya wake. Mwanzoni zilikuwa zinanikwama kooni, nasema ukweli, lakini nilifumba macho nikameza, kwa sababu mtoto anayekula ndizi alikaa kiti cha karibu na baba. Baadaye nikaacha kufumba macho. Ikafika mahali Jumamosi bila ndizi na maharage haikuwa Jumamosi. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa hadi leo: hivi nilizipenda ndizi, au nilikipenda kile kiti?

Senene nao nilikula. Msimu wao ukifika ndugu wa baba walituma kopo kwa basi, senene wamekaangwa wamekauka, na mimi nilikaa barazani nawatafuna mbele ya watoto wa jirani waliokuwa wananiita mla panzi. Wengine walikimbia. Nilijisikia mkubwa sana. Mama hakuwahi kumweka senene mdomoni, lakini kukiwa na wabichi ni yeye aliyewanyonyoa mbawa na miguu, uso ameugeuzia pembeni kama anayemfunga mtu kidonda.

Kuna kisa cha kahawa ambacho lazima nikieleze, maana bila hicho hayo mengine hayaeleweki. Bukoba kahawa inatafunwa. Wanaichemsha na majani yao ya kuipa harufu, wanaianika ikiwa na maganda yake, halafu mgeni akija anapewa punje chache mkononi, anatafuna taratibu huku mazungumzo yanaendelea. Ni heshima. Mama, bibi harusi mpya mwenye asili ya Mkuranga, hakulijua hilo. Kwao kahawa inatwangwa, inachemshwa na tangawizi, inanywewa kwenye vikombe vidogo pamoja na kashata. Wakwe walipokuja mara ya kwanza walimletea kifurushi cha ile kahawa ya kutafuna. Akaichukua kwa mikono miwili, akaenda nayo uani, akaitwanga yote kwenye kinu, maganda na kila kitu, akaichemsha, akawarudishia wakwe kwenye vikombe, tena kwa sinia.

Wakwe wakanywa. Hakuna aliyesema kitu mpaka walipoondoka, na hapo baba ndiye aliyeanza kusema, na hakuacha. Kisa hicho kilisimuliwa kwenye kila harusi, kila maulidi, kila mgeni mpya. "Mke wangu alitwanga heshima ya wazee wangu akaitia tangawizi." Watu walicheka hadi machozi, na mama alicheka nao huku anakusanya vyombo. Nimekisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kukisimulia kwa sauti ya baba, na mahali pa kunyamaza napajua.

Mwaka juzi baba aliugua tumbo. Walimpasua, wakasema kutakuwa na upasuaji wa pili, lakini hautafanyika mpaka mzee arudishe mwili. Siku ya kuruhusiwa muuguzi alimpa mama masharti haraka haraka pale mlangoni: chakula laini, mafuta kidogo, pilipili hapana, nazi hapana. Mama ni mtu wa kushika masharti. Alirudi nyumbani, akaifuta mbuzi yake ya kukunia nazi, akaipandisha juu ya kabati.

Ndipo baba akagoma kula. Hakugoma kwa hasira, alishindwa tu. Mama alimpikia uji, wali wa maji uliopikwa ukarojeka, supu ya kuku, viazi vya kuponda, na kila kitu baba alionja kijiko kimoja, viwili, akasukuma sahani. "Kina ladha ya maji," alisema. Nilikuwa nikitoka shuleni Chamazi, ninakofundisha, napitia kwao kila jioni, na kila jioni mama alinipokea na sahani iliyojaa akiwa ameifunika kawa ili nione mwenyewe. Kila wiki tulimpeleka zahanati ya jirani kumpima, mzani ukawa unashuka. Daktari akatuambia wazi kwamba akiendelea hivyo hatafika kwenye upasuaji wa pili, na bila upasuaji wa pili asitudanganye mtu.

Jumamosi moja mama alimpikia ndizi na maharage. Nilikuwa na matumaini makubwa. Baba alionja, akatafuna muda mrefu, akanitazama mimi. "Hata ndizi," alisema. "Hizi za sokoni zimekufa kwenye lori. Mpigie shangazi yako simu. Nataka ndizi za kwetu, nizile mara moja, halafu basi."

Ile "halafu basi" ndiyo iliyonifanya nipige simu palepale.

Shangazi ni dada yake mkubwa, na ni mtu asiyeuliza maswali. Alifika na basi la mikoani akiwa na gunia la ndizi, majani ya mgomba yaliyokunjwa, maharage yake, chupa ya samli na kisu chake mwenyewe cha kumenyea. Nilimwamkia, "Shikamoo shangazi," akaitikia huku macho yake yameshaingia ndani kumtafuta mdogo wake. Alipomwona jinsi alivyokonda alijiziba mdomo kwa kanga, halafu akauliza jiko liko wapi.

Mama alimpisha. Alimwonyesha sufuria, mwiko, chumvi, mahali gesi inapowashiwa, akatoka akaenda kukaa barazani. Sijawahi kumwona mama amekaa barazani saa za kupika. Alikuwa anaitazama mikono yake, haijui iende wapi.

Shangazi alimenya, akapanga ndizi juu ya maharage, akafunika kwa majani, akaacha ziive kwa mvuke wake. Nyumba ikajaa harufu ambayo sikuwahi kuisikia, harufu ya majani mabichi na samli. Baba aliinuka kitandani mwenyewe, akakaa. Nilitaka kulia kwa furaha. Shangazi alimwekea sahani mapajani, baba akala tonge la kwanza, la pili, akapumzika. Tonge la tatu hakulichukua.

"Siyo hizi," alisema.

"Zimetoka nyuma ya nyumba ya mama," alisema shangazi. "Mgomba uleule. Nimeukata kwa mkono wangu."

"Najua, dada. Lakini siyo hizi."

Shangazi alinigeukia, akanipa sahani. "Hebu na wewe onja. Si baba yako anasema wewe ndiye Mhaya?"

Nikaonja. Sijui nieleze vipi. Ndizi zilikuwa laini, zimeiva, zina chumvi ya kutosha, maharage yamepondeka vizuri, na ulimi wangu haukuzijua kabisa. Nilisubiri zinikumbushe kitu, hazikunikumbusha kitu. Nilitafuna nikiwa nimechanganyikiwa, nikifikiri pengine ni mimi ninayeumwa. "Tamu, shangazi," nilisema, na shangazi akanitazama kwa jicho la mtu aliyelea watoto wengi.

Alilaumu gesi. Siku ya pili tukatafuta chungu na kuni, akapikia uani, moshi ukawakera majirani. Majibu yakawa yaleyale. Safari hii shangazi alivuta kigoda, akakaa mbele ya baba. "Sasa nieleze. Unazozitaka zikoje?"

Baba alifumba macho. Alizieleza vizuri mno, kwa mtu aliyekuwa hana nguvu ya kuongea. Alisema zinateleza. Alisema zina kautamu kwa mbali kanakokuja baada ya kumeza. Alisema mchuzi wake ni mweupe kidogo, mwepesi, unabaki kwenye midomo. "Za mama," alisema. "Mama ndivyo alivyokuwa anapika."

"Mama hakupika hivyo hata siku moja," alisema shangazi. "Mchuzi mweupe unatoka wapi?"

"Umesahau, dada."

"Mimi ndiye niliyekuwa nachochea moto. Nisahau nini?"

Baba akageukia ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, sijui nimwamini nani, maana mchuzi huo mweupe niliujua. Ulikuwa ndio ndizi ninazozijua. Nikageuka kumtafuta mama, na kumbe alikuwa mlangoni muda wote, kanga ameiuma kwenye meno. Alipoona namwangalia aliondoka.

Tulimkuta jikoni, mimi na shangazi. Ameishusha ile mbuzi kutoka juu ya kabati, ameikalia, lakini hana nazi mkononi.

"Mie nilikuwa naziwekea tui," alisema.

Nikamuuliza, tui gani tena.

"Ndizi za baba yenu. Tui la pili, lile jepesi. La kwanza angeliona." Alisema bila kutuangalia. Mwaka wa kwanza wa ndoa, alisema, alizipika kama alivyoelekezwa, ndizi na maharage na chumvi, na baba alizila nusu, akakaa anatazama nje, hasemi. Kila Jumamosi hivyo. Mama akaona mume wake anakonda kwa kukumbuka kwao. Jumamosi moja, baba akiwa msikitini, alikamua nazi aliyobakiwa nayo, akachukua lile tui la pili, akalichuja mara mbili kwa kitambaa ili lisibaki chicha hata moja, akalimimina kwenye ndizi. Baba akarudi, akala, akaomba tena. "Akasema leo ndizi zimenifikisha kwetu. Sasa mie ningesemaje? Ningesema hapana, hujafika?"

"Ungesema," alisema shangazi.

"Baada ya ile kahawa, wifi? Mtu anasimulia kahawa yangu mji mzima, nimpe na ndizi?"

Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akafikiri, na nikaona hasira inampanda taratibu. "Kwa hiyo mimi nimebeba gunia nimevuka nchi nzima, na mtu mwenyewe anachokililia ni maji ya nazi. Umemdanganya ndugu yangu ujana wake wote."

"Nimemlisha," alisema mama.

Mimi nilikuwa sisikii vizuri tena. Nilikuwa napiga hesabu zangu mwenyewe. Zile ndizi nilizozimeza macho yamefumbwa ili niwe Mhaya, zilikuwa na nazi. Yule kaka yangu aliyeitwa mtoto wa wajomba zake, na mimi niliyekaa kiti cha heshima, tulikuwa tunakula nazi ileile, tofauti ni sufuria. Nilitaka kucheka, nikaona siwezi. Nilitaka kumkasirikia mama, nikaona sina haki. Nikamkasirikia baba kwa sababu ndiye asiyekuwepo pale jikoni, na yeye ndiye aliyekuwa anakufa njaa chumba cha pili.

Nilitoka nikampigia daktari, nikamuuliza kuhusu nazi. Alishangaa nani aliyeikataza. "Mtu anayepungua hivi mpeni anachoweza kula," alisema. "Tui jepesi lina shida gani?" Nikarudi jikoni nikawaambia. Mama aliagiza nazi dukani, akakuna, akakamua, tui la kwanza akaliweka pembeni kwa ajili ya wali wetu, la pili akalimimina kwenye ndizi za shangazi. Shangazi alisimama akiangalia kama anayeangalia mtu anavunja kioo cha nyumbani kwao, lakini hakumzuia.

Ndizi zilipoiva mama alipakua, akampa shangazi sahani. "Mpelekee wewe."

"Kwa nini mimi? Umepika wewe."

"Akijua kuna nazi hatazila. Humjui huyu."

Nami nilijua ni kweli. Kuna harusi moja tulikwenda Mkuranga, wakapakua ndizi za nazi, baba akaziacha sahani nzima, akawaambia waliokaa naye kwamba ndizi imeharibiwa. Alikuwa na njaa na aliziacha. Alikuwa mtu wa msimamo, na msimamo wake mkubwa ulikuwa huo. Kumwambia sasa, akiwa amebaki mifupa, kwamba ladha ya kwao ni tui la mkewe, ilikuwa ni sawa na kumwondolea sahani.

Shangazi akapeleka. Sisi wawili tukasimama mlangoni. Baba akaonja tonge la kwanza kwa kukata tamaa. Akaacha kutafuna. Akala la pili. Halafu akaanza kula kama mtu anayekula, tonge kwa tonge, jasho linamtoka kwenye paji la uso, na hakuinua kichwa mpaka sahani ilipokuwa nyeupe.

"Dada," alisema. "Sasa umekumbuka."

Shangazi alimtazama mama. Mdomo wake ulishafunguka kusema, nikaona kabisa neno linakuja. Mama alitikisa kichwa kidogo tu. "Mwongezee, wifi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kumwambia mtu afunge dirisha.

Ikawa ndio utaratibu. Asubuhi mama anapika, mchana shangazi anabeba sahani, baba anakula na kumsifu dada yake. Mzani wa zahanati ukaanza kupanda, kidogo kidogo, na daktari akaanza kuongea habari za tarehe. Nyumba nzima ilikuwa na furaha, na mimi ndani ya furaha hiyo sikujua nishike wapi. Baba alikuwa na nguvu za kutania tena. Alikuwa anamwambia mama, "Unaona mkono wa kwetu? Jifunze, jifunze, usikae tu." Mama alikuwa anasema ndiyo, anajifunza.

Shangazi mwenyewe hakuzila zile ndizi. Alijipikia zake chunguni kule uani, kavu, za samli, akala peke yake. Siku moja aliniita nikakaa naye, akanipa sahani, na mama naye ndani alikuwa ameshaniwekea sahani. Nikala zote mbili. Shangazi akaniuliza ipi. Nikamwambia sijui, shangazi. Hakuona kwamba namkwepa, akaniambia, "Basi pole," na alimaanisha. Nilikaa pale nikijaribu kuzipenda zake. Kwa siku kadhaa nilizijaribu kila nilipofika, hata nikaanza kufumba macho tena, mtu mzima mimi mwenye watoto. Nilijiambia hizi ndizo zenyewe, hizi ndizo za damu yangu. Ulimi ukakataa kupangiwa.

Lilinikera jambo moja zaidi. Kaka yangu anafanya kazi Dodoma, nikampigia nikamweleza yote. Alicheka sana. Akasema yeye alijua tangu akiwa mdogo, alimwona mama anachuja. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Mie niliambiwa mtoto wa wajomba. Ya ndizi yananihusu nini?" Nikakata simu. Sikumpigia wiki nzima, na ukiniuliza kosa lake lilikuwa nini siwezi kukutajia.

Ikafika wakati shangazi akawa na mazao yake yanamsubiri, hana wa kumvunia. Siku ya kuondoka aliingia kumuaga baba, sisi wengine tukiwa tumesimama na mizigo. Baba alimshika mkono hataki kuuachia. "Ukiondoka nitakula nini?" alisema. Haikuwa mzaha, aliogopa kweli.

"Ndugu yangu," alisema shangazi, "ngoja nikwambie. Mimi hizi ndizi..."

"Kanifundisha," alisema mama haraka. "Wifi kanifundisha yote. Kaniachia na samli yake."

Shangazi aliuachia mkono wa baba, akafunga kanga yake vizuri, akatoka. Pale getini alimkumbatia mama muda mrefu. Kama waliambiana neno sikulisikia, bajaji ilishakuwa inapiga honi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mama alipika kama alivyopika siku zote, tui la pili, kitambaa mara mbili. Hakubadilisha kitu, nilikuwepo, nilimwona. Kwa mara ya kwanza tangu shangazi aje alibeba sahani mwenyewe, akamnawisha baba, akakaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Baba alikula taratibu, kama mwalimu anayesahihisha. Alikula zote. Kisha alifuta midomo.

"Umejitahidi," alisema. "Za dada zilikuwa na kitu, sijui kitu gani. Lakini umekaribia."

"Nitazidi kujifunza," alisema mama.

Nilimfuata jikoni. Nilimwambia amwambie, leo hii, au nitamwambia mimi. Nilimwambia siwezi kukaa kwenye nyumba ambayo mtu anasifiwa kwa kukaribia chungu chake mwenyewe. Alikuwa anakwangua ukoko wa maharage chini ya sufuria, hakuinua macho.

"Akipasuliwa akapona, nitamwambia."

"Na asipopona?"

"Basi atakuwa amekula kwa mama yake," alisema, akanipa lile sufuria nioshe.

Baba alipona. Alipasuliwa, akakaa wodini, akarudi nyumbani kwa miguu yake kutoka kwenye teksi, majirani wakaja na dua ikasomwa. Jumamosi ya kwanza alikaa mezani, mahali pake, nami nikakaa kiti changu ingawa siku hizi hakuna anayenipangia. Mama alileta ndizi. Nilimkazia macho. Alijua nangoja nini, maana aliweka sahani chini, akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo hafanyi akiwa anapakulia watu.

"Baba watoto," alisema. "Kuna jambo nataka nikwambie, la hizi ndizi."

"Hata mimi," alisema baba. Alikuwa ameshaanza kula. Alikuwa na nyama mashavuni, macho yamerudi mahali pake. "Nilikuwa nalifikiria kulekule wodini. Usihangaike tena kuzifikia za dada. Hizi zinatosha. Nimeshazizoea."

Mama alimtazama. Nilimwona anatafuta uso wa kuvaa, haupati. Mimi mwenyewe sikujua kama nimesikia sifa au tusi, na hadi leo nikilirudia kichwani linanigeukia, mara hivi, mara vile.

"Ulitaka kusema nini?" aliuliza baba.

"Nikuongeze?" alisema mama, na baba akasogeza sahani.